3C 279, Markarian 421 au PKS 2155-304: galaksi gani kwa mradi wa mwaka wa nne?

Kila mwaka, muhula ukifunguliwa, kuna wanafunzi wawili watatu wa fizikia wanaopanda ngazi za jengo ninamoishi hapa Ngara wakiwa na swali moja: "Mwalimu, nichukue galaksi gani?" Misingi wamekwisha kuisoma. Wanajua kwamba katikati ya baadhi ya galaksi pana shimo jeusi zito linalovuta gesi na kurusha jeti, yaani mkondo mwembamba wa chembe zinazokimbia karibu sawa na mwanga. Wanajua kwamba jeti hiyo ikituelekea sisi, galaksi huitwa blazari, na kwamba miale ya gama itokayo humo hupanda na kushuka bila kupiga hodi. Mradi wao ni kuchora huko kupanda na kushuka, kisha kueleza kunatufundisha nini. Kilichobaki ni jina la galaksi.

Wengi huja wameshachagua kwa umaarufu. Mimi huwauliza habari ya saa: unataka kufuata mabadiliko ya dakika, ya siku au ya miaka? Galaksi tatu ninazozilinganisha hapa zote hubadilika, na zote zina data ambayo mtu aliyeko Nairobi anaipata bila kumwandikia yeyote barua ya maombi. Lakini kila moja ina saa yake, na anayekosea saa hujitesa muhula mzima.

Kwanza, nani anatazama

Nusu ya tofauti nitakazozitaja ni za mtazamaji, wala si za kinachotazamwa. Kwa hiyo tuanze na macho.

Jicho la kwanza ni satelaiti ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008. Darubini yake kuu, LAT, huona takriban moja ya tano ya anga kwa wakati mmoja, na kila baada ya saa tatu hivi inakuwa imeimaliza anga nzima. Haichagui wala haibagui, ila eneo lake la kukingia miale halifiki hata mita moja ya mraba.

Jicho la pili ni H.E.S.S., iliyoko nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari: darubini nne zenye vioo vya mita 12, na ya tano ya mita 28 iliyoongezwa mwaka 2012. Hii haikamati mwale wa gama wenyewe. Mwale ukigonga hewa ya juu huzaa maporomoko ya chembe, na chembe hizo hutoa mmweko wa rangi ya buluu, mwanga wa Cherenkov, unaodumu nanosekunde chache tu na kumulika duara la ardhi lenye upana wa mita 250 hivi. Darubini yoyote iliyo ndani ya duara hilo huuona. Hewa yenyewe imegeuka kuwa sehemu ya chombo, na eneo la kukingia limekuwa kama mita za mraba 100,000.

Aliyewahi kukinga maji ya mvua hapa mjini ataelewa haraka. Fermi ni beseni lililoachwa uani mwaka mzima. H.E.S.S. ni paa zima la mabati lenye mfereji hadi kwenye tangi, lakini mfereji wake hufunguliwa usiku wa giza tu, pasipo mbalamwezi wala mawingu, saa elfu moja hivi kwa mwaka, tena ukiwa umeelekezwa kipande kimoja cha anga. Mvua ikinyesha kwa dakika tano, beseni litaonyesha matone machache na tangi litakupa hesabu kamili. Ukitaka kujua masika ya miaka kumi yalivyokwenda, beseni ndilo lenye habari.

Na haya si mambo ya mbali kama wengi wanavyodhani. Satelaiti ya SAS-2, mojawapo ya za mwanzo kabisa kuchora anga kwa miale ya gama, ilirushwa tarehe 15 Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Miaka miwili kabla yake, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa hilohilo lilirusha satelaiti ya eksirei iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa sikukuu yetu. Nimekutana na wahitimu wa fizikia wasiolijua hilo, na huwa sichoki kuwaambia.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu:

| | 3C 279 | Markarian 421 | PKS 2155-304 |
|---|---|---|---|
| Umbali, miaka ya mwanga (takriban) | bilioni 5 | milioni 400 | bilioni 1.5 |
| Aina ya blazari | kwasari (gesi ya katikati hung'aa sana) | BL Lac (mwanga wa jeti huifunika gesi) | BL Lac |
| Data ya kutegemea | Fermi | Fermi pamoja na eksirei za Swift | H.E.S.S. |
| Saa yake | siku hadi miaka | siku hadi miezi | dakika |
| Mtego wake | jua na mwezi | Fermi huiona imetulia | data ya usiku mmoja |

3C 279: ya kwanza kwenye orodha yangu

Kama huna muda wa kusoma hadi mwisho, chukua hii.

3C 279 imo kwenye kundi la nyota la Mashuke. Katikati ya Mei, saa nne usiku, hupita karibu utosini kwa mtu wa Nairobi, si mbali na nyota angavu ya Spica. Hutaiona kwa macho, na kwa taa za mji huu hata darubini ya kawaida haitakusaidia. Lakini kwa miale ya gama ni mojawapo ya blazari zenye fujo kubwa. Darubini ya EGRET, iliyorushwa ndani ya satelaiti ya Compton mwezi Aprili 1991, iliikuta ikiwaka mwaka huohuo. Juni 2015 ikafanya jambo lililowatoa watu usingizini: iliwaka mara mia hivi ya kiwango chake cha siku tulivu, Fermi ikaelekezwa huko moja kwa moja, na tarehe 16 mwangaza ukaonekana ukiongezeka maradufu ndani ya muda usiozidi dakika tano.

Usivutwe na hizo dakika tano. Zilipatikana kwa sababu satelaiti iliacha zamu yake ya kawaida na mwako wenyewe ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Kinachoifanya 3C 279 kuwa mradi mzuri ni rekodi yake karibu isiyokatika tangu Agosti 2008. Watu wa Fermi wameweka hazina ya grafu zilizokwisha kuchorwa kwa vyanzo 1,525 vinavyobadilika, kwa vipande vya siku tatu, wiki moja na mwezi mmoja. Unapakua jedwali dogo linaloingia hata kwenye simu, na jioni hiyohiyo umeanza kazi. Utaona miako ya maumbo mbalimbali: mingine hupanda ghafla na kushuka polepole, mingine hupanda na kushuka sawia, mingine ina vilele viwili vitatu vilivyopandana kama matatu zinazogombania kituo. Kupima umbo la miako hiyo peke yake ni mradi kamili. Mwako unaopanda haraka na kushuka taratibu huashiria kwamba elektroni zilisukumwa ghafla kisha zikapoa. Ulio sawia pande zote husema zaidi juu ya muda ambao mwanga wenyewe huchukua kulivuka eneo linalowaka.

Halafu kuna mtego ambao msimamizi wako huenda asikutajie. 3C 279 iko karibu kabisa na njia ambayo jua huifuata angani, na kila mwaka, tarehe 8 Oktoba hivi, jua hupita mbele yake na kuifunika. Jua nalo hutoa miale ya gama. Mwezi vilevile hupita jirani kila mzunguko wake, nao hung'aa kwa gama kwa sababu miale ya kosmiki huupiga bila hewa ya kuuzuia; kwa macho ya Fermi, mwezi hung'aa kuliko uso wa jua lililotulia. Kwa hiyo ukiona kilele kizuri kinachojirudia kila Oktoba, usiandike kwamba umegundua mzunguko wa shimo jeusi. Umegundua kalenda.

Markarian 421: jirani mpole, machoni pa Fermi

Hii huvutia kwa sababu ya historia. Ndiyo galaksi ya kwanza nje ya yetu kuonekana kwa miale ya gama yenye nishati ya TeV (matrilioni ya elektronivolti, eneo la darubini za ardhini), mwaka 1992, kwa darubini ya Whipple ya Arizona, Marekani. Mei 1996 darubini hiyohiyo ilishuhudia mwako wake uliokwisha ndani ya nusu saa hivi. Mwanafunzi akisoma hayo hukimbilia data ya Fermi, akachora grafu ya wiki kwa wiki, akakuta mstari unaopandapanda kidogo kama barabara yenye matuta. Anarudi kwangu na uso umemwanguka.

Galaksi haijatulia. Jicho ndilo linaloangalia mahali pasipo na vurugu. Mwanga wa blazari, ukiupanga kwa nishati, huwa na nundu mbili. Ya kwanza hutokana na elektroni zinazozunguka kwenye uga wa sumaku. Ya pili, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, hutokea elektroni zilezile zinapozigonga fotoni, yaani chembe za mwanga, na kuzipandisha hadi kuwa gama. Kwenye Markarian 421 nundu ya pili ina kilele mbele zaidi, karibu na eneo la darubini za ardhini, na Fermi huona mteremko wa kuipandia tu. Mteremko huo umeundwa na elektroni za nishati ya wastani, ambazo hupoa polepole, kama uji kwenye sufuria nzito. Zile za nishati kubwa, zinazotoa eksirei na miale ya TeV, hupoa kama chai iliyomiminwa kwenye kisahani. Kwenye 3C 279 mambo ni kinyume: kilele cha nundu ya pili kiko chini, na Fermi huangalia upande unaoporomoka, penye misukosuko yote.

Basi Markarian 421 ina kazi gani? Kulinganisha. Satelaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, imeitazama kwa eksirei mara nyingi sana, na data zake ziko wazi kwa kila mtu. (Data hizo hushuka duniani kupitia kituo cha Malindi. Pwani yetu tena.) Ukiweka eksirei za Swift juu na gama za Fermi chini, unaweza kuuliza kama zinapanda pamoja, au moja hutangulia. Ni swali zuri, na mwanafunzi mwenye uvumilivu atapata alama nzuri. Ila ajue kwamba Swift haiwezi kuelekezwa karibu na jua, kwa hiyo kila mwaka kuna miezi isiyo na kitu, na hesabu za ulinganisho zinazodhani vipimo vimepangwa kwa umbali sawa zitamdanganya. Kwa mtu anayeanza kujifunza lugha ya kompyuta ya Python mwezi huohuo wa mradi, singemshauri.

PKS 2155-304: usiku mmoja

Hii ndiyo ninayoipenda mimi binafsi, nami nakiri hivyo ili upime maneno yangu.

Tarehe 28 Julai 2006, kabla ya mapambazuko, H.E.S.S. iliikuta galaksi hii ikimwaga miale ya gama kwa wastani wa mara saba ya Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, ambayo ndiyo mizani ya wapimaji wa TeV. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi walikusanya miale zaidi ya elfu kumi. Kwa wingi huo waliweza kuikata grafu katika vipande vya dakika moja, na wakaona mwangaza ukibadilika kwa muda wa sekunde 200 hivi.

Chukua kalamu hapo. Kitu hakiwezi kubadilika kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyokivuka. Sekunde 200 mara kilomita 300,000 ni kilomita milioni 60, chini ya nusu ya umbali kutoka hapa hadi kwenye jua. Lakini shimo jeusi la galaksi hii hukadiriwa kuwa na uzito wa jua bilioni moja au zaidi, na shimo la uzito huo lina nusu kipenyo cha kilomita bilioni 3, sawa na njia ya sayari ya Uranus. Mwanga huchukua zaidi ya saa tano kulivuka. Inakuwaje kitu kinachowashwa na dubwana la saa tano kimemetemete kwa dakika tatu?

Sehemu ya jibu ni kwamba jeti inatukimbilia kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kwa hiyo matukio yake hutufikia yakiwa yamebanwa kwa wakati. Ili kilomita milioni 60 zifike bilioni 3 unahitaji kubanwa mara 50. Tatizo ni kwamba picha za redio za jeti za blazari za namna hii zinaonyesha mafundo yanayosogea kwa utulivu usiolingana na 50. Kwa hiyo wengine husema kinachowaka ni kipande kidogo tu ndani ya jeti, jeti ndogo ndani ya kubwa, mahali nyuga za sumaku zinapokatika na kujiunga upya. Mabishano bado yapo, na mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kuyaingia kwa hesabu ya mstari mmoja. Galaksi nyingine mbili hazikupi hilo kwa urahisi hivyo.

Sasa ubaya wake. Data nyingi za H.E.S.S. ni za wanachama wake. Mwaka 2018 walitoa hadharani fungu dogo la majaribio, na PKS 2155-304 imo, lakini usiku uliomo si ule mashuhuri. Ni usiku wa pili wa fujo, kuanzia tarehe 29 Julai, karibu saa tano na nusu usiku kwa saa zetu, hadi alfajiri ya tarehe 30. Unaanza galaksi ikiwa juu na kuishuhudia ikishuka saa baada ya saa. Ni grafu nzuri sana, nami nimeichora mara nyingi kuliko inavyonifaa. Faili ni ndogo, haimalizi bando, na programu huria ya Gammapy huisoma moja kwa moja. Lakini ni usiku mmoja, na ripoti ya kurasa arobaini haijazwi na usiku mmoja usipokuwa na hoja.

Usidhani utaongeza Fermi upande wa pili, maana mwaka 2006 Fermi haikuwa imerushwa, na Compton ilikuwa imekwisha kuangushwa baharini tangu Juni 2000. Mwako mashuhuri kuliko yote wa galaksi hii ulipita bila jicho lolote la satelaiti kwenye eneo la GeV (mabilioni ya elektronivolti), linaloangaliwa na Fermi. Kila nikilifikiria hilo hunikera kidogo.

Ya nne, ambayo huwa nainyima

Kuna PG 1553+113. Mwaka 2015 kundi la Fermi lilitangaza dalili kwamba miale yake hupanda na kushuka kila baada ya miaka 2.2 hivi, na tangu hapo kila mwanafunzi anataka mashimo meusi mawili yanayozungukana. Inawezekana ni kweli. Lakini hata rekodi ya miaka kumi na sita inatoa mizunguko saba tu, na blazari zina tabia ya kuyumba polepole bila mpango kiasi cha kuiga mzunguko kwa raundi tatu nne. Kuthibitisha kwamba si bahati kunahitaji kuiga grafu bandia kwa maelfu na kuhesabu ngapi zinafanana na yako. Nikiona kompyuta haiwezi, nasema hapana.

Tena, ukitafuta mizunguko kwa data ya Fermi yoyote ile, jihadhari na siku 53. Ndio muda ambao mzingo wa satelaiti yenyewe huchukua kugeuka. Mmoja aliwahi kuniletea "ugunduzi" wa siku 53 kwenye galaksi tatu tofauti, na kabla sijafungua mdomo akaanza kucheka mwenyewe.

Kompyuta, bando na stima

Hapa nitapita haraka. Grafu zilizokwisha kuchorwa zinahitaji Excel tu, ingawa Python ni bora. Ukitaka kuchambua fotoni za Fermi wewe mwenyewe, faili ni nzito na programu zake zimetengenezwa kwa ajili ya Linux na Mac. Kwenye Windows utapitia njia za kuzunguka. Pakua usiku, kwa intaneti ya chuo kama unayo, na uhifadhi kila hatua, kwa sababu stima ikipotea katikati ya hesabu ya saa sita hutapata wa kumlaumu. Kwa laptop ya RAM gigabaiti nne, sahau fotoni.

Kwa hiyo: aliye na wiki kumi na mbili na kompyuta dhaifu, 3C 279 kwa vipande vya wiki, Oktoba akizikagua. Anayependa hesabu za nadharia kuliko jedwali, PKS 2155-304, na hoja ya sekunde 200 iwe uti wa mgongo. Anayejua Python tayari na ana msimamizi anayejibu ujumbe, Markarian 421 pamoja na Swift.

Wa mwisho kuja mwezi uliopita alikuwa wa kundi la kwanza. Juzi amenitumia grafu yake: mwako wa Juni 2015 umesimama kama jengo la KICC katikati ya mabati. Ila ameuliza afanye nini na mishale inayoangalia chini, zile wiki ambazo Fermi haikupata fotoni za kutosha na ikatoa kikomo cha juu badala ya kipimo. Alitaka kuifuta ili grafu ipendeze. Mimi niliifuta nilipokuwa mwanafunzi, nikaandika kwamba galaksi yangu haishuki kamwe chini ya kiwango fulani, kumbe nilikuwa nimezitupa wiki zote iliposhuka. Nimemwambia aiache yote mahali pake, aipake rangi ya kijivu, kisha anitumie tena.